Maziwa Mepesi Kama Hewa

Niliacha shule darasa la sita, lakini sipiti maandishi bila kuyasoma. Katika kituo cha maziwa huko Njoro, kipimo chetu kilihesabu kilo kwa kila mita ya ujazo, na maziwa safi yalifika 1030. Juzi tukaletewa kipimo kipya. Nikakitia kwenye mkebe wa Mama Chebet, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Kikasoma 1.03.

"Mathe, umetia maji mpaka maziwa yakawa mepesi kama hewa!"

Watu wa foleni wakageuka kumtazama.

"Kijana, nimekamua sasa hivi. Pima tena."

Sikupima. Niliyamwaga yote mtaroni.

Karani akaja, akakiangalia kipimo. "Hiki ni cha gramu kwa mililita. Zidisha kwa elfu."

Nikazidisha kwa sauti, Mama Chebet akinitazama. "Elfu moja na thelathini."