Tambara Namba Sita

Jirani yangu Isao Kuramochi alichonga meno ya bandia kwa miaka thelathini na minne, na gari lake hakuwahi kumpa fundi yeyote alishike. Ni kigari chekundu cha viti viwili, chenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, kinachonguruma mpaka vioo vya duka langu la kinyozi vinatikisika. Hapa Matsumoto, Japani, mwenye gari akitaka hulipeleka mwenyewe kwenye ukaguzi wa serikali, na Isao alilipeleka kila baada ya miaka miwili, akarudi anajidai kama bwana harusi.

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Wakati wa baridi aliunguza sufuria mbili. Mwezi wa tatu alikuja kunyolewa siku mbili mfululizo, na mimi, mjinga, nikacheka. Binti yake Chie, aliyeolewa Nagoya, hakucheka. Alitaka baba yake akapimwe kumbukumbu na gari liuzwe. Walibishana wee, mwisho wakaafikiana: Isao akilitengeneza peke yake likapita ukaguzi, hakuna atakayelizungumza tena jambo hilo. Lisipopita, ni daktari.

Jumatatu ya ukaguzi, saa moja asubuhi, nilimkuta amepiga magoti gerejini, boneti liko wazi, uso umemshuka. Mbele yake, juu ya gazeti, alikuwa amepanga matambara. Akifungua mabomba ya hewa ya turbo, huziba midomo ya mabomba hayo kwa vipande vinane vya taulo ili uchafu usiingie, kila kimoja na namba yake, na huvihesabu kabla ya kufunga. Jana alifunga bila kuhesabu.

"Vipi mzee, umefungua duka la mitumba?"

"Nyamaza, kinyozi. La sita halipo."

"Litakuwa kwenye nguo chafu."

"Nimetafuta. Mpaka pipa la taka nimetia kichwa." Akanyoosha kidole kwenye turbo. "Kama limo humu, nikiwasha tu linamezwa. Mapanga yanavunjika, vipande vinaingia kwenye injini. Basi, kwisha habari."

"Si ufungue uangalie?"

"Kufungua na kufunga ni saa mbili nzima! Zamu yangu ni saa tatu." Akaniangalia kwa macho ambayo sikuyapenda. "Najiona nikiliweka. Kulitoa sijioni kabisa."

Akashika bisibisi, akaiweka chini, akaishika tena. Hatimaye akainama, akaanza kulegeza klipu ya kwanza.

"Baba Chie, acha. Usifungue."

Alikuwa mkewe, Fumie, amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa tambara. Namba sita.

"Umelipata wapi?"

"Humo humo kwenye turbo. Jana, ulipokwenda kupokea simu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka nione kama utalitafuta." Akamnyooshea lile tambara. "Ukarudi ukafunga, hata kuchungulia hukuchungulia. Nikasema basi, sisemi kitu, acha gari lipite. Sikujua kama utahesabu leo."

Mimi nikajifanya nakagua matairi. Aibu ilikuwa ya nyumba yao, lakini masikio yangu ndiyo yaliyowaka. Isao alilipokea lile tambara, akalilaza katikati ya la tano na la saba, akalinyoosha pembe zake. Kisha akaikaza tena ile klipu, akafunga boneti, akaondoka na gari kwenda kwenye ukaguzi.

Saa tano mimi na Fumie tukasikia mngurumo. Aliingia gerejini akaacha injini iendelee kuzunguka taratibu, maana turbo haizimwi ghafla ikiwa ya moto. Niliona karatasi mpya ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele, nikapiga makofi.

"Hongera, fundi! Chie sasa atashika adabu!"

Hakunitazama. Alikaa mikono juu ya usukani, na Fumie akasimama kando ya mlango, hadi alipozima injini. Akashuka, akampa mkewe ufunguo.

"Limepita kwa mkono wako, Mama Chie," akasema. "Mpigie mtoto. Aulize daktari yupo siku gani."

Fumie akautia ufunguo kwenye mfuko uleule wa aproni, akaenda kutafuta simu.