Mawe ya Kula, Tembe na Chai

Mimba yangu ya pili niliilea kwa mawe. Sikutanii. Yale mawe laini ya kula, odowa, yanayouzwa sokoni kando ya nyanya, niliyatafuna kutwa nzima nikiuza mitumba mtaani Huruma, Eldoret. Mteja anajaribu sketi, mimi niko krr, krr.

Kliniki nako walinipa tembe za kuongeza damu, lakini damu ilikataa kupanda. Dada yangu mkubwa alivuja damu akijifungua, akatuacha, na mimi niliogopa kumfuata. Niliogopa sana, wacha nisijifanye.

Mama mkwe akaja kutoka Magharibi na gunia la mboga za kienyeji na mdomo usiojua kufungwa. Alinipikia managu na maini, akanisimamia mpaka nimalize. Yeye alikula kiporo cha ugali na chai.

"Mimi nimemaliza kuzaa," alisema. "Damu nyingi ya nini? Ya kwenda nayo kanisani?"

Damu bado ikawa chini. Akaanza kunishuku: "Hizo tembe unazitupa chooni, wewe!" Aki nilikasirika! Tukaenda kliniki pamoja, kila mtu amevuta mdomo wake.

Sista, mama mnene asiye na subira, akanivuta kope ya chini, akasonya.

"Tembe za madini ya chuma unameza na nini?"

"Na chai."

"Ya maziwa?"

"Sasa kuna chai ingine?"

Akapiga meza. Kumbe chai na maziwa huzuia hayo madini yasiingie mwilini, na mawe ndiyo yanazidisha shida. Hata ile hamu ya mawe ni dalili ya damu kupungua. Mwili ukichoma chakula hutoa masizi, alisema, kama jiko, na madini ndiyo husaidia kuyafagia. Ukikosa madini, masizi yanakuguguna kutoka ndani.

"Halafu wewe unajilisha udongo na kusukumia na chai! Unajikandika kama nyumba?"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Akachomoa mawe yangu kwenye mkoba, akayafunga kwenye leso yake. Tangu siku hiyo nikameza tembe na maji ya machungwa. Kukataa chai Eldoret, jaribu uone! Majirani walisema nimeanza madharau.

Siku ya kujifungua nilivuja damu, lakini nilibaki hai. Mtoto msichana, sauti kama king'ora.

Asubuhi mama mkwe akaja wodini na thamosi yake, akakaa kando ya kitanda. Akamshukuru Mungu kwa kirefu, akajimiminia chai. Nikiwa nasinzia nikasikia: krr, krr.

"Mama! Hayo si mawe yangu?"

"Yako yaliisha kitambo," alisema, akiangalia dirisha. "Haya ni yangu. Nimekula tangu nikiwa msichana."

Nikamwambia ainame. Nikamvuta kope ya chini vile nilivyovutwa mimi. Ndani kulikuwa kweupe, hakuna damu. Na maini yote ya nyumba ile nilikula mimi! Machozi yakanitoka, na matusi kidogo pia.

"Weka hicho kikombe chini, Mama," nikamwambia. "Sista akija, anaanza na wewe."