Siku Nilipoipoteza Ndege ya Mama

Naandika haya nimejifunika shuka mpaka kichwani, kwa sababu hata sasa nikikumbuka masikio yanawaka moto, na kama mmeshasikia huko mtaani, basi jueni waliowasimulia wameongeza chumvi (ila siyo sana).

Mama alikuwa anarudi kutoka Dar alikofanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Daktari alikataa asipande treni wala basi na kile kidonda, ndugu wakachanga tiketi ya ndege, ya kwanza kwenye ukoo wetu. Bibi miguu inamsumbua, kwa hiyo nikatumwa mimi kumpokea, pamoja na Mudi, jirani yetu mwenye bajaji. Tukafika uwanjani hapa Mpanda, muda wa ndege ukafika, ukapita, na angani hakuna kitu zaidi ya wingu jeusi. Sasa, pale kulikuwa na dirisha, na dirishani kaka mmoja wa uwanja amevaa kizibao cha kung'aa, yaani ningemsogelea tu nikamuuliza, "Samahani kaka, ndege vipi?" Lakini mimi mnanijua, mimi hata dukani nikikuta watu wamesimama nageuza. Nikaona bora niangalie kwenye simu.

Kuna programu inaonyesha ndege zinavyotembea kwenye ramani. Nikakaona kandege ka njano kanatoka upande wa Tabora, kanakuja taratibu, moyo ukatulia, halafu nikiwa nakatazama hivihivi, kakatoweka. Nikazima simu, nikawasha. Hakuna.

"Mudi," nikasema, "ndege imepotea."

Bora ningemwambia mtu mwingine yeyote. Mudi alipiga ukelele mpaka waliokuwa nje ya geti wakaja mbio. "Binti ana ndege kwenye simu! Imepotea!"

Dakika hiyohiyo kila mtu akawa rubani. Mudi akasema itakuwa imetua hifadhini, rubani akizidiwa anatafuta mbuga tambarare, abiria sasa hivi wako ndani wanatazamana na viboko. Baba mmoja mfanyabiashara wa dagaa akamkatalia, "Wewe dogo hujui kitu, hiyo imepitiliza mpaka ziwani," akampigia mwenzake aliye Ikola, kule kule ziwani, akaweka spika.

"Hapa naona mitumbwi tu," sauti ikasema. "Ngoja... kuna kitu cheupe kinaelea kule!"

Watu wakashika vichwa. Wale wa Ikola wakawasha injini ya boti wakakifuata. Na mimi (hapa ndipo panaponiuma) nilikuwa nalia, lakini pia nilikuwa nasikilizwa, wanaume wazima wananiuliza, "Binti, mara ya mwisho ilikuwa wapi?" nami nanyoosha kidole kwenye ramani kama afande, "Hapa. Halafu ikazama." Nani aliniambia imezama? Hakuna! Mdomo tu!

Kumbe Mudi alishapiga simu nyumbani. Zikaja bajaji zimejaa akina mama wa jumuiya yetu, wameshajifunga vitenge kiunoni, wana mikeka, wana mchele, wana sufuria kubwa lile la misibani, na wimbo wa maombolezo wameuanzia njiani. Mlinzi anawazuia, "Mama zangu, hapa si mahali pa kupikia!" Bibi, aliyekuja nao, akawapita wote kwa miguu yake ileile mibovu.

"Editha. Umeona kwa macho yako?"

"Nimeiona ikipotea, Bibi."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Hapo ndipo nikaacha kuonyesha ramani. Mama. Tulikuwa tunamzungumzia Mama.

Yule kaka wa kizibao akatoka amekasirika. "Nani kafariki hapa? Ndege iko Tabora! Imegeuza kwa sababu ya wingu. Nimetangaza mara ngapi, nyie mmejazana kwenye simu ya huyu binti hamsikii! Hako kandege kenu kanapotea kila siku kakifika huku, mitambo haikaoni."

Macho yote kwangu. Wimbo ulikatikia katikati ya mstari. Baba wa dagaa alikuwa anapiga kelele kwenye simu, "Rudini! Rudini!" na wale wa Ikola, ambao walikuwa wameshalifikia dumu la plastiki, walimtukana kwenye spika matusi ambayo siyaandiki hapa.

Wingu likapasuka, mvua ikanyesha, ikakatika. Ndege ikaja, nzima, na Mama akashuka ameshika tumbo. Akina mama wakamkimbilia kwa vigelegele, wote kwa pamoja, na mimi nikasikia mtu anapaza sauti, "Msimkumbatie! Ana mshono!" Nilikuwa mimi. Wakasimama wote.

Mama akanitazama. "Huyu anayefoka ni Editha?" Kisha akaona mikeka. "Na hilo sufuria?"

"La... la kukupikia," akajibu mama mmoja, akitazama pembeni.

Na kweli walimpikia, ubwabwa ukaliwa mtaa mzima, na vijana wa bajaji mpaka leo wakiniona wanauliza kama ndege zote angani zimetimia. Wacha waulize. Programu nimeifuta, na naapa nikiwa sijui kitu nitaenda kumuuliza anayejua, hata kama sauti itakwama. Sasa hivi Mama anagombana na Bibi chumba cha pili, hataki uji, anataka chai, na mimi najifanya sisikii ili waendelee kidogo.