Barabara ya Warumi Kutoka Kilburn

Sababu ya safari yangu ilikuwa barua ya Kiingereza, kurasa mbili, kutoka kwa Raya, binti wa pekee wa mdogo wangu Nassor. Binti huyo sikuwa nimemwona hata siku moja. Aliandika: “Shangazi, baba anakutaja mara moja kwa mwaka, kisha anatoka nje. Njoo. Tiketi nimeshakata.”

Nassor aliondoka Unguja wiki chache baada ya Mapinduzi, kijana wa miaka kumi na tisa. Mimi nilibaki, nikawa mwalimu wa historia. Mwanzo tuliandikiana sana. Halafu barua zake zikakatika ghafla, nami sikujua nimemkosea nini. Hata nilipomwandikia kwamba Mama amefariki, hakujibu. Ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili ya kimya.

Nilivuka kwenda Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, na jioni nikapanda ndege. Kwenye mkoba nilikuwa na madaftari yangu ya somo la Warumi. Nimelifundisha tangu ujana wangu: walivyoijenga dola yao, walivyoitawala na walivyoipoteza. Jiwe lao hata moja sikuwa nimeligusa, na nilijua London wameacha ukuta. Nilijiambia kwamba Nassor akinifungia mlango, angalau nitauona ukuta.

Asubuhi, uwanja wa ndege. Raya alinitambua kabla sijamtambua. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akaelewa kila neno, akanijibu kwa Kiingereza huku akilia. Baba yake hakuja.

Saa nne tulifika Kilburn, kwenye nyumba ya kupanga juu ya duka la viatu. Nassor alisimama alipotuona. Nywele zilikuwa zimekwisha kichwani.

“Umefika,” alisema.

“Nimefika.”

“Safari njema?”

“Alhamdulillahi.”

Hakuniita Dada. Siku tatu tulikula meza moja tukiombana chumvi. Akimaliza kula alikwenda dirishani kutazama mabasi. Nilianza kuhesabu siku za kurudi nyumbani.

Siku ya nne Raya alikwenda kazini, na kabla ya kutoka alimwamuru baba yake anipeleke kwenye ukuta wa Warumi. Alisema hataki kutukuta nyumbani akirudi. Tukatoka, tukapanda basi la ghorofa, tukakaa juu, mbele kabisa.

Hapo ualimu ulinishinda. Mbele yetu barabara ilinyooka kama iliyopigwa rula, maduka huku na huku, wala haikuonyesha dalili ya kukata kona.

“Nassor, barabara hii haipindi.”

“Haipindi,” alijibu. “Nimeendesha basi hapa miaka kumi na minane, mpaka mgongo uliponikataza. Usukani ulikuwa hauna kazi. Kazi yote ilikuwa ya breki.”

Ilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza tangu nifike.

“Unajua aliyeipima?”

“Manispaa, nani mwingine?”

Nilicheka. “Warumi! Karibu miaka elfu mbili. Askari walitoka pwani ya kusini, wakapita hapa, wakaenda mpaka mipaka ya magharibi. Walilima udongo, wakashindilia mawe, wakamwaga kokoto juu, wakachimba mitaro pembeni maji yasisimame. Jeshi lilitembea haraka na barua zilifika. Ndivyo dola ilivyojengwa.”

Aliitazama ile barabara kana kwamba ameletewa picha yake ya utotoni.

“Na watu wote hawa wakawatawala kwa askari tu?”

“Kwa askari peke yake wasingeweza. Chifu aliyekubali aliachiwa nyumba yake, watoto wake wakafundishwa Kilatini, naye akavaa nguo za Kirumi. Kijana wa nchi iliyoshindwa aliingia jeshini, akitoka ni raia. Mwishowe walio huru wote wakafanywa raia. Kaisari mmoja alizaliwa Libya, akaja kufia huku huku kisiwani.”

“Mwafrika?”

“Mtu wa pwani ya Afrika, kama wewe.”

Alifuta tabasamu kwa kiganja. “Na waliokataa?”

“Hao walikiona. Malkia mmoja wa huku alichapwa viboko mbele ya watu wake. Akakusanya jeshi, akaichoma London yote. Wakichimba misingi ya majengo bado wanaukuta udongo mwekundu uliobabuka kwa moto ule.”

Tulishuka Edgware Road, tukaingia mkahawa wa Waarabu. Wazee wawili wa Kiomani walikuwa wakinywa kahawa, na Nassor akawaamkia kwa Kiarabu. Mhudumu alipokuja, aliniagizia chai kavu yenye sukari kidogo bila kuniuliza. Ndivyo ninavyoinywa tangu usichana. Niliinywa polepole isiishe.

Kutoka hapo treni ya chini ya ardhi ilitufikisha Tower Hill moja kwa moja.

Ukuta ulikuwa mrefu kuliko nilivyotazamia. Sehemu ya juu ni ya watu wa baadaye, lakini ya chini ni ya Warumi wenyewe: mawe ya kijivu yaliyochongwa, na katikati yake mistari ya matofali mekundu. Niliweka mkono. Lilikuwa jiwe la baridi, lenye unyevu, na machozi yakanitoka kwa furaha.

“Sasa watu wa kujenga hivi waliipotezaje nchi?” Nassor aliuliza.

“Majenerali waligombea kiti. Kila aliyejitangaza kaisari katika kisiwa hiki alivuka bahari na askari wake kwenda kukipigania, na waliovuka hawakurudi. Maadui wakazidi. Husimuliwa kwamba miji ya huku iliomba msaada, na jibu la kaisari likawa: jilindeni wenyewe.”

“Wakaondoka wote?”

“Askari na wakubwa. Watu wengi walibaki.”

“Kwa nini wabaki, na wanaona mambo yamekwisha?”

“Kitabu changu hakisemi.”

Kisha akasema, akiutazama ukuta, “Na Mama ulimzuia kwa nini?”

Nilishtuka. “Nilimzuia?”

“Nilimtumia tiketi. Ukaniandikia kwamba anaumwa. Mwezi uleule mtu aliyetoka Unguja akaniambia kamwona sokoni, mzima, anachagua samaki.”

Ndipo nilipoelewa. Nikakaa kwenye benchi.

“Alikuwa mzima,” nilisema. “Begi nililifunga mimi, Nassor. Asubuhi ya safari nilimkuta kitandani anatoa kanga moja moja. Akasema, ‘Baba yenu amelala hapa. Niende wapi? Nassor ana miguu, atakuja.’ Nilimbembeleza mpaka adhuhuri. Nikataka kukueleza kweli, akanikataza. Alisema utavunjika moyo, nikuandikie anaumwa. Uongo ule niliuandika kwa mkono wangu. Nisamehe.”

Alikaa kando yangu. Alikaa sana, mpaka kundi la wanafunzi likaja, likapiga picha, likaenda.

“Miaka ishirini na miwili,” alisema, “kumbe nimenuna kwa jambo la Mama.”

“Alikuwa mkaidi.”

“Kama wewe.”

“Kama wewe!”

Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia kilio, akajifuta kwa mkono wa koti. “Dada,” alisema. “Dada Salma. Twende nyumbani, baridi hii itakuua.”

Raya alitukuta jikoni tunabishana juu ya nazi ya kopo. Alisimama mlangoni na koti lake mwilini, akashindwa hata kusema Kiingereza.

Siku kumi zilizobaki zilipita kama siku ya sikukuu. Nililala usingizi ambao sikuwa nao tangu nipate barua. Asubuhi ya kurudi, Nassor alibeba mizigo yangu mwenyewe, mgongo wake usiulizwe. Kwenye uwanja wa ndege alinishika mikono yote miwili.

“Ukifika nipigie. Usipopiga, nakuja mwenyewe kukutafuta.”

Angani nilifungua madaftari yangu. Miaka yote nimelimalizia somo lile kwenye jibu la kaisari, kana kwamba siku ile watu walikoma kuishi. Waliobaki walipika, walizika, waliwaoza watoto wao, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ambayo aliyeondoka hakuambiwa. Nikaongeza ukurasa mmoja: wanafunzi wafikirie barua ambayo mtu aliyebaki angemwandikia nduguye aliyeondoka na jeshi, na iwe ya kweli.

Jumatano mchana nilifika Unguja. Siku ileile nilikwenda posta, nikampigia Raya kazini kwake, nikamwambia nimefika salama ila asimwambie baba yake.

Nassor sikumpigia.