Kadi ya Mwaka na Wiki ya Senge Rispa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu hata nikiwa kanisani. Nilikuwa kijana, nina kibanda changu cha nguo za watoto pale soko la Gikomba, Nairobi. Siku hiyo sikuwa nauza nguo. Nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda nimevaa shati la kola, nikimshawishi kila apitaye anunue wiki ya Krismasi.

Usishangae. Nitakueleza polepole, maana hata siku hizi naona vijana mkitumiana matangazo ya namna hii kwenye simu, nami huogopa msije mkauziwa mbuzi kwenye gunia.

Huko Naivasha kulikuwa na nyumba za mapumziko. Kila nyumba ilikuwa na wenyewe wengi, na kila mwenyewe alimiliki wiki moja tu ya mwaka. Wiki yako ikifika, unapewa ufunguo, nyumba inakuwa yako siku saba. Ikiisha, unampisha mwenzako. Na kila mwaka, ulale usilale, unalipa ada ya kuitunza: rangi, mabomba, mlinzi, nyasi.

Shangazi yangu Rispa, au Senge kama tunavyomwita shangazi kwetu Bungoma, alikuwa na wiki kama hiyo. Yeye na marehemu mumewe waliinunua watoto wao wakiwa wadogo, nayo iliangukia Krismasi. Mume alipofariki na watoto wakapata kazi nchi za mbali, Senge akaamua kurudi nyumbani. Alikuwa amefunga vyombo vyake kwenye magunia pale mtaani Jericho, Nairobi, akibakiza sufuria moja, sahani moja na kitanda. Jambo moja tu lilimzuia.

"Wafula," aliniambia, "siendi Bungoma huku nimewaachia wanangu ada ya nyumba wasiyolala. Niuzie ile wiki. Nataka mvua ikinyesha inikute shambani na jembe mkononi."

Nikamwambia asiwe na shaka. Na kwa kweli nilikuwa na sababu ya kujigamba. Karibu na nyumba zile palikuwa na bustani ya michezo ya watoto: mabembea marefu, magari ya kugongana, bwawa la kuogelea. Wenye bustani walikuwa wametoa kadi ya mwaka. Ukiilipia mara moja, unaingia siku yoyote upendayo mwaka mzima. Nilikuwa nimepita pale Jumamosi moja nikaona watu wamejaa getini, kadi zinaning'inia shingoni kama vitambulisho vya kazi. Nikajiambia: hawa wote watataka mahali pa kulala. Wiki ya Senge imekuwa dhahabu.

Hiyo ndiyo akili ya Gikomba, mwanangu. Sisi tukiona watu wamezunguka belo, lile furushi la mitumba, linalofunguliwa, hatuulizi ndani kuna nini. Tunasukumana kwanza, tunauliza baadaye. Mara nyingine unatoka pale na koti la mtu mwenye mkono mmoja.

Basi nikatangaza. Asubuhi hadi jioni, wiki nzima, kisha nyingine. Watu walisikiliza, wakasifu, wakaenda zao. Otieno wa kibanda cha jirani alikuwa amechoka nami hata akaanza kuniita Meneja.

"Meneja, hiyo ni ya wadosi wenye pesa zao," alisema. "Sisi tuuzie kaptula."

"Kizuri chajiuza," nikamjibu.

"Basi mbona unakipigia kelele?"

Ng'ambo ya njia alikaa Bi Mwanaisha, mama wa Majengo aliyekuwa akiuza mabelo kwa jumla tangu mimi sijazaliwa. Wengi wetu tulipata mzigo wetu wa kwanza kwa mkopo wake. Alinisikiliza siku zile zote. Siku hiyo akaniita.

"Wafula, hebu ipumzishe hiyo sauti. Njoo ukae."

Nikakaa juu ya belo. Akanimiminia chai.

"Krismasi iliyopita ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Bi. Bungoma."

"Na ile ya kabla yake?"

"Bungoma."

"Na huyu Otieno unayemnyima hewa tangu asubuhi?"

Otieno akadakia kutoka kibandani kwake. "Mimi Krismasi niko Siaya, Bi. Nisipoonekana, mamangu atanitangaza redioni nimepotea!"

Watu wakacheka. Bi Mwanaisha hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Basi unamuuzia kitanda mtu ambaye wiki hiyo hayupo. Nairobi nzima inapanda mabasi kwenda ushago kwa wazazi na sukari na mafuta ya kupikia, nawe mwenyewe uko mbele kwenye foleni. Ulitaka nani anunue?"

Nikashika kikombe vizuri. "Lakini Bi, wenye kadi…"

"Kadi ndiyo naijia. Wajukuu wangu wanazo. Umewahi kuishika moja ukaigeuza nyuma?"

Sikuwa nimeishika.

"Nyuma imeandikwa siku ambazo haifanyi kazi. Pasaka, Krismasi, Mwaka Mpya. Siku hizo wenye bustani wanataka wanaolipa getini, hawataki waliolipa zamani. Kwa hiyo mwenye kadi ndiye mtu wa mwisho kabisa kutaka wiki ya shangazi yako."

Nikaweka kikombe chini. Akaendelea, sasa kwa upole zaidi, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Tena sikiliza. Aliyelipa getini kwa siku moja hutaka kuimaliza siku yote, hata alale huko. Mwenye kadi hana haraka. Atakwenda Jumamosi, arudi jioni ile ile, aende tena mwezi ujao. Lile kundi uliloliona, jioni lilielekea wapi?"

Nikafikiri. "Stendi, Bi. Kupanda magari ya kurudi mjini."

"Basi. Lilikuwa kundi la geti, halikuwa kundi la kitanda. Umeona watu wengi barabarani mwezi wa pili, jua linawaka, ukaenda kuwauzia masweta."

Mwanangu, mzee akikukemea mbele za watu, shingo huwa nzito. Lakini nilimwona amenisogezea sukari huku akinikemea, nikajua hanichukii. Nikauliza, "Hakuna basi anayetaka nyumba kwa sababu ya kadi?"

"Yupo. Mtafute kwa kichwa, usimtafute kwa koo. Ana watoto wengi. Nauli ya kwenda na kurudi kila mara inamshinda, kwa hiyo akienda mara moja akakaa wiki, kadi zinamlipa. Watoto wake wanasoma, kwa hiyo anaweza tu shule zikifungwa. Na kadi lazima iwe inafanya kazi. Sasa niambie wewe, hiyo ni wiki gani?"

Nikahesabu likizo kichwani. Pasaka imekatazwa. Krismasi imekatazwa. "Agosti, Bi."

"Chai imekuingia," akasema. "Na ukimpata, mwambie kila kitu. Sisi hapa tunauza belo likiwa limefungwa, kila mtu anajua anabahatisha. Wiki ya shangazi yako usiifunge ndani ya belo."

Kesho yake nilienda Naivasha kwenye ofisi ya zile nyumba. Nikamkuta mama mmoja mpole, nikamuuliza kama wenye wiki waliruhusiwa kubadilishana. Akasema wanaruhusiwa wakikubaliana. Akanitajia familia yenye wiki ya Agosti. Watoto wao walikuwa ng'ambo na walikuja Krismasi tu, na kwa bustani hawakuwa na habari kabisa. Tuliwapigia simu, wakakubali kabla sijamaliza sentensi. Wiki niliyoitembeza Gikomba hadi sauti ikakauka ilikuwa na mtu aliyeitamani siku zote. Nilikuwa nimekosa mlango tu.

Sasa nikawa na wiki ya Agosti. Kumpata mnunuzi hakukuchukua muda. Palikuwa na mteja wangu wa siku nyingi, Baba Ayub, msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja, na kiwandani kwao wafanyakazi walikuwa wamechukua kadi za bustani kwa bei ya kikundi. Alikuwa na watoto watano. Akanialika kwake mtaa wa Pipeline, orofa ya tano.

Nilipanda zile ngazi nikipishana na mitungi ya maji na nguo zinazodondosha. Watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi kwenye ujia mwembamba wa mbele ya milango, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Baba Ayub alishachangamka kabla sijakaa. "Agosti! Kadi tunazo! Wafula, leo tumalize hii maneno."

Ningeweza kumaliza hapo, mwanangu. Senge alikuwa analala katikati ya magunia, na mawingu yalishaanza kujikusanya. Neno moja tu la ndiyo, naye angekuwa kwenye basi la Bungoma. Lakini nililisikia lile belo la Bi Mwanaisha kichwani.

"Baba Ayub," nikasema, "nyumba ni ya miaka mingi, kadi ni ya mwaka mmoja. Wenye bustani wakitaka, mwakani wanaipandisha, au wanaongeza siku zilizokatazwa, au wanaifuta. Ada ya nyumba haitafutwa. Utailipa kila mwaka, uende usiende. Na ukitaka kuiuza siku hiyo kadi imekufa, hutapata bei hii, kwa kuwa wote waliokuwa kama wewe watakuwa wanauza pia."

Furaha ikamtoka usoni. Akatazama mlango, akatazama kadi zake zilizoning'inia kwenye msumari ukutani. "Sasa wewe umekuja kuniuzia ama kuniokoa?"

"Nimekuja kukuambia."

"Basi wacha nifikirie," akasema, na sote wawili tulijua maana ya maneno hayo.

Niliposimama, Mama Ayub akatoka nyuma ya pazia la jikoni, mikono ina unga. "Kaa chini, Baba Ayub hajaniuliza mimi. Hiyo nyumba ina ngazi?"

"Hapana, mama. Iko chini kabisa. Mlango unafungukia nyasi."

Akamgeukia mumewe. "Mama yangu hajawahi kulala hapa. Alikuja mara moja, akafika orofa ya pili, akaketi kwenye ngazi akaniambia, 'Niletee mjukuu hapa nimbariki, nirudi.' Ayub alikuwa bado ananyonya. Hawa wengine wanamjua zaidi kwa simu."

"Si tunakwenda kwake Krismasi?" akasema Baba Ayub.

"Krismasi tuko arobaini kwenye boma moja. Mimi nataka wiki moja mama yangu akae na wajukuu wake, nimpikie mimi, asipande kitu. Kadi ikiwepo watoto wataruka. Isipokuwepo, watamchotea maji ya kuoga na kusikiliza hadithi. Ada nitaitoa kwa duka langu."

Baba Ayub akacheka. "Wafula, umesikia. Mimi ni msimamizi wa kiwandani tu, hapa nina mkubwa wangu."

Wakainunua. Senge Rispa aliondoka Nairobi juma lile. Nilimpakilia magunia yake kwenye basi, akaniwekea mkono kichwani, akasema maneno machache ya kwetu ambayo sitayatafsiri, yatapoa. Mvua ilimkuta shambani.

Na kadi? Baada ya muda wenye bustani waliiondoa Agosti kwenye zile siku zinazoruhusiwa. Waliokuwa wamenunua wiki za Agosti kwa ajili ya kadi tu wakaanza kuzitembeza, na ndipo nilipoona bei ya kitu ikishuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mama Ayub hakuuza. Mama yake alikuja Agosti ile na nyingine nyingi baada yake, na mpaka leo wale watoto, watu wazima sasa, hupeana zamu ya kwenda pale na watoto wao.

Mwanangu, sikukatazi kununua wala kuuza. Nenda, jaribu, Mungu hajakataza biashara. Ila nakuomba ufanye hivi. Ukiona watu wengi, usiulize ni wangapi. Uliza wamekuja kufanya nini na jioni wanalala wapi. Kitu kikitakwa kwa sababu ya kitu kingine, kichunguze kile kingine kwanza: kinadumu muda gani, kinafungwa siku zipi, na nani ana uwezo wa kukifuta. Igeuze kadi, siku hizi isome kwenye simu, hata maandishi yakiwa madogo kama sisimizi. Ukiuza, mtafute mtu ambaye atakitaka kitu chako hata hicho kingine kikiondoka, na umweleze ukweli wote. Njia ya mwongo ni fupi, nayo ya mkweli hata ikipanda orofa tano hufika. Na ukinunua, uwe na sababu yako mwenyewe, usiazime ya jirani.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kuona watu wanahitaji nini, ulimi usiomwogopesha mnunuzi wala kumdanganya, na nyumba ambayo wazazi wako watafika mlangoni bila kuhema. Wajukuu wako wakujue kwa sura. Amina.