Ndoana Zilizojikunja

Nilishuka Kasanga, kando ya ziwa, kutoka juu ya lori la mahindi, nikiwa na sanduku moja na godoro lililoviringishwa. Duka la ushirika nilimokuwa nikiuza pale Sumbawanga lilikuwa limefungwa. Mambo yalikuwa ruksa sasa. Mtaa mzima ulijaa vibanda vya watu binafsi vyenye sabuni na vitenge ambavyo sisi kwa miaka tuliwaambia wateja havipo, nasi tuliosimama nyuma ya kaunta tukaambiwa tumepunguzwa. Mume sikuwa naye tena. Lori lilipoteremka milima ile, abiria wenzangu wakiguna kila kona, mimi nilisinzia.

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Kiharusi kilikuwa kimempooza mkono wa kulia na kumvuta mdomo upande mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alilitazama godoro. "Umekuja kukaa."

"Nimekuja kukaa."

Asubuhi yake akanipa kazi.

Maisha yake yote alikuwa mvuvi wa mshipi, na sasa hakuweza kufunga hata ndoana moja. Mama alikwisha kufa, na kaka zangu walikuwa Zambia wakihangaika. Ndoana alizokuwa nazo zilikuwa za mtindo mpya, zimeletwa na boti kutoka ng'ambo: ncha zake zimejikunja ndani kuelekea shina, kama kucha ya kuku aliyekufa. Zile za zamani zilikuwa zimeadimika.

Alinifundisha kwa Kifipa, kwa mkono mmoja na hasira nyingi. Pitisha uzi tunduni, uzungushe juu ya wenyewe, rudisha ncha kwenye kitanzi kilichobaki karibu na tundu. "Sasa mate! Usivute kikavu, nailoni itaungua." Nikalowesha, nikavuta taratibu mpaka fundo likakaza. La kwanza alilivuta kwa meno likafumuka. La pili pia. Nilitaka kulia, ila hata kulia kunataka nguvu.

Mafundo yaliposhika, tuliingia majini kwa mtumbwi wake. Watu wa ufukweni walitutazama, mwanamke akipiga kasia na mzee akiwa mbele, wakasema yao. Tulishusha mshipi wenye dagaa wazima. Samaki wakala.

"Shtua, mama! Shtua!"

Nilishtua, nikauvuta mshipi ghafla kwa nguvu. Mshipi ukarudi mwepesi, chambo hakipo. Ikawa hivyo siku ile, na siku zilizofuata. Yeye mwenyewe akajaribu kwa mkono wa kushoto, akashtua kama alivyofanya tangu ujana, akatoka mikono mitupu. "Soko huria," alisema, akitema mate majini, "limetuletea hata ndoana zisizochoma."

Siku moja nililala mtumbwini. Nilikuwa nimeuzungusha mshipi kiganjani juu ya kitambaa, nikafumba macho. Niliamshwa na mkono wangu uliokuwa ukivutwa. Sikushtua, sikuwa na nguvu hiyo. Niliukaza tu mshipi nikashikilia, na yule samaki alipogeuka kwenda zake, ndoana ikajizungusha yenyewe ikamnasa pembeni mwa mdomo. Alikuwa sangala mkubwa. Nilimvuta mpaka ndani ya mtumbwi.

Baba aliichunguza ile ndoana muda mrefu. "Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu, baba. Nilikuwa nimelala."

Tangu hapo mimi nilipata samaki, yeye hakupata. Alijua kwamba hatakiwi kushtua, alijiambia kwa sauti asishtue, na samaki akigusa tu, mkono wa kushoto unaruka. Alirudi nyumbani, akasukuma ugali kando. Asubuhi moja tukiwa majini akaninyooshea ule mkono uliopooza, akiubeba kwa mwenzake kama mzigo.

"Nifunge mshipi hapa."

"Baba, utakukata."

"Zungushia kitambaa. Huu haujui kushtua."

Nikamfunga juu ya kifundo cha mkono, fundo la kufumuka kwa mvuto mmoja, nikashika ncha yake. Tulikaa. Jua likapanda. Kisha nikaona bega lake linashuka, polepole, kama mtu anayevutwa kuambiwa siri.

"Bega linaitwa," alinong'ona. "Mama, bega linaitwa."

"Tulia, baba."

Alitulia, jasho likimtoka. Mkono ule ulinyooka juu ya maji, kisha mshipi ukakaza na kubaki umekaza. Nikafumua fundo nikavuta samaki kwa niaba yake. Alikuwa kuhe, si mkubwa. Baba alicheka kwa upande mmoja wa uso, na upande huohuo ukalowa machozi.

Aliishi mpaka masika yaliyofuata. Baada ya maziko kaka mmoja alirudi akachukua mtumbwi, nami nikapanda lori kurudi Sumbawanga, kuuza samaki wakavu sokoni. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa nailoni, na baridi ya kule juu iliviuma. Nilipata meza karibu na njia ya kwenda stendi, nikakaa.