Vipande vya Roketi

Nikisikia harufu ya magunzi yanayoungua jikoni, namkumbuka mwalimu wetu wa sayansi, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali. Siku moja darasani alishika gunzi kavu akasema hiyo ni roketi. Akavunja kipande cha chini, kikaanguka sakafuni. Akavunja cha katikati, nacho kikaanguka. Kikabaki cha juu, akakiinua mpaka mkono ukanyooka.

"Mafuta ya chini yakiisha, sehemu hiyo inaachwa, ili iliyobaki ifike mbali."

Wiki hiyo mama alikuwa ameondoka kwa baba. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamelipwa wote, kwa hiyo kwa mila sisi watoto tulikuwa wa upande wa baba, tukabaki kwa bibi mzaa baba. Nilikuwa sijawahi kuuliza swali darasani, lakini nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, vile vilivyoachwa, nani anarudi kuvichukua?"

"We, unafikiri ni ndama?" akasema mwenzangu wa dawati, na darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Hakuna anayerudi," akasema. "Vinaanguka baharini."

Wakati wa mapumziko aliniita. "Umeuliza vizuri. Kuna swali lingine?"

Lilikuwepo. Nilitaka kujua kama watu waliomo kwenye kile kipande cha juu wana dirisha la nyuma, la kuangalia walikotoka. Nikatazama viatu vyake vilivyojaa vumbi.

"Hakuna, mwalimu," nikasema, nikaenda kusimama peke yangu kwenye uzio mpaka kengele ikalia.